Mkia Usioshika: Kisa cha RNA ya Kirusi cha Adeno, 1977

Kwenye picha ya hadubini ya elektroni, DNA huonekana kama uzi uliodondoshwa juu ya meza. Pale RNA iliposhikamana nayo, uzi hunenepa kidogo, na jicho lililozoea hupatambua mara moja. Mwaka 1977, katika maabara ya Phillip Sharp pale MIT, Massachusetts, Susan Berget na Claire Moore walikuwa na picha nyingi za namna hiyo. RNA waliyokuwa wakiichunguza, ya kirusi cha adeno, ilikuwa imeshika DNA yake vizuri, mahali palepale palipotarajiwa. Ila kila ncha ilikuwa na mkia unaoning'inia.

Mkia mmoja haukuwa na neno. Ilijulikana tayari kwamba mwishoni mwa RNA ya ujumbe seli huongeza mlolongo wa adenini tupu, herufi moja ya RNA inayorudiwarudiwa, yaani poli-A, ambao haumo kwenye DNA na kwa hiyo hauna cha kushika. Mkia wa pili ndio uliokuwa na taabu. Ulikuwa upande wa mwanzo, urefu wake kama nyukliotidi, yaani herufi za RNA, 150 hadi 200, na kwa hesabu zote za wakati ule haukupaswa kuwepo.

Vitabu vingi vya baiolojia humaliza kisa hiki kwa mstari mmoja, kwamba mwaka huo ndipo jeni zilipogunduliwa kuwa na vipande. Ni kweli, lakini mstari huo unaruka sehemu yenye utamu: watu waliokuwa wakijibu swali la kawaida kuhusu udhibiti wa jeni walilazimika kwanza kuamua kama uchafu walioukuta kwenye picha ni uchafu kweli.

Swali lao lilikuwa na umri. Tangu miaka ya 1960 ilifahamika kwamba ndani ya kiini cha seli ya mnyama mna RNA ndefu mno, na kwamba sehemu kubwa yake huvunjwavunjwa humohumo bila kutoka. RNA ya ujumbe inayokwenda kwenye ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, ni fupi zaidi. Dhana ya haraka ilikuwa kwamba ile ndefu hukatwa, kipande kinachofaa kikatoka na kilichobaki kikatupwa. Dhana hiyo ilitosha hadi katikati ya miaka ya 1970, ilipobainika kwamba zote mbili, ndefu na fupi, zina kofia ileile ya kemikali mwanzoni na poli-A ileile mwishoni. Chukua kamba yenye fundo kila ncha, uikate vipande: hutapata kipande kifupi chenye mafundo mawili. Hapa vipande vifupi vilikuwa na mafundo mawili.

Tukikitazama kitendawili hicho leo, jibu linaonekana kama lilikuwa limekaa mezani. Toa kamba ya katikati, unga ncha mbili zilizobaki, basi. Lakini bakteria walikuwa wamewafundisha watu vingine. Katika miaka ya 1960 Charles Yanofsky wa Stanford alionyesha, kwa kutumia bakteria E. coli, kwamba mpangilio wa mabadiliko kwenye jeni unafuatana hatua kwa hatua na mpangilio wa asidi amino zilizobadilika kwenye protini. Jeni ilikuwa mstari usiokatika, na RNA ilikuwa nakala ya mstari huo. Kabla yake, mwaka 1961, François Jacob na Jacques Monod walikuwa wameeleza udhibiti kuwa ni swichi iliyopo mwanzoni mwa jeni: unukuzi, yaani kunakili DNA kuwa RNA, uanze au usianze. Monod alipenda kusema kwamba lililo kweli kwa E. coli ni kweli kwa tembo pia. Ukiwa umelelewa na maneno hayo, wazo la kutoa katikati na kuunga ncha halikujii usingizini wala ukiwa macho.

Kwa nini kirusi? Jinomu ya binadamu ina herufi kama bilioni tatu, na kuifukuzia RNA ya jeni moja humo, kwa zana za wakati ule, ilikuwa kazi ya kuchosha. Kirusi cha adeno aina ya 2, cha ukoo uliopatikana mara ya kwanza mwaka 1953 kwenye tishu za adenoidi za watoto, kina DNA ya herufi kama 36,000 tu. Maambukizi yanapokomaa, seli hugeuka kiwanda cha ganda la kirusi, na RNA za protini za ganda hujaa tele. Protini iliyo nyingi kuliko zote, ambayo RNA yake ndiyo iliyokuwa kwenye picha za Berget na Moore, huitwa heksoni, na ganda moja lina matofali 240 yaliyotengenezwa nayo. Jambo la muhimu zaidi ni kwamba kirusi hiki hakiji na mtambo wake wa kunukuu DNA kuwa RNA. Kinaingia ndani ya kiini na kuazima wa mwenyeji. Yanayotendeka kwa RNA yake, kwa hiyo, huenda ndiyo yanayotendeka kwa RNA za seli yenyewe.

Sharp alikuwa amejifunza hadubini ya elektroni kwa Norman Davidson huko chuo cha Caltech, akapitia maabara ya Cold Spring Harbor, akafika MIT mwaka 1974. Katika maabara yake Jane Flint alikuwa ameshaonyesha kwamba ndani ya kiini cha seli iliyoambukizwa mna mfululizo mwingi wa RNA ya kirusi ambao hauonekani nje ya kiini. Kitendawili cha seli kilikuwa kimehamia kwenye jinomu ndogo inayoweza kuchorwa ramani. Kilichobaki ni kuiweka RNA moja juu ya DNA yake na kuona nini kinabaki na nini kinapotea.

Mbinu waliyotumia huitwa kitanzi-R. Marjorie Thomas, Ray White na Ronald Davis wa Stanford walikuwa wameieleza mwaka mmoja kabla. DNA yenye nyuzi mbili huchanganywa na RNA ndani ya fomamidi nyingi, kimiminika kinacholegeza nyuzi za DNA, kama asilimia 70, katika joto linalokaribia kuzifumua nyuzi za DNA. Katika hali hiyo ndoa ya RNA na DNA ni imara kuliko ndoa ya DNA na DNA. RNA inaingia kati, inashika uzi unaooana nayo, na uzi wa pili wa DNA unasukumwa pembeni ukining'inia kama kitanzi. Unachopima ni mahali kitanzi kinapoanzia na kinapoishia, na hiyo ndiyo anwani ya jeni. Kwa heksoni, ukiigawa DNA ya kirusi katika sehemu 100, anwani ni karibu na sehemu ya 52.

Kitanzi kikatokea, na mikia ikatokea.

Maelezo ya kwanza ya mkia wa mwanzo yalikuwa rahisi, na yalikuwa na haki ya kusikilizwa. Uzi wa DNA uliosukumwa pembeni hautulii. Hujaribu kurudi kwa mwenzake, na unaporudi unaweza kuibandua ncha ya RNA. Mkia wa namna hiyo hautoki kwenye baiolojia, unatoka kwenye mbinu yenyewe. Kumbuka kwamba anwani waliyokuwa wakiitafuta walikuwa wameshaipata. Mtu mwenye haraka angeandika anwani, akautaja mkia katika nusu sentensi kama dosari ya kawaida ya kitanzi-R, na hakuna mhakiki ambaye angemsumbua. Nashuku kwamba mikia ya aina hiyo ilishaonekana katika maabara zaidi ya moja na kupita hivyohivyo.

Walichofanya ni kumtoa mshindani uwanjani. Badala ya DNA yenye nyuzi mbili wakatumia uzi mmoja peke yake, ule unaooana na RNA. Kama mkia ulitokana na kubanduliwa, sasa hakuna wa kuubandua, na ungelala chini. Haukulala. Kipande hicho cha mwanzo, kwa maneno mengine, hakikuwa na herufi za kuoana nacho mahali popote karibu na jeni ya heksoni. Lakini kofia ilikuwa huko, kwenye ncha ya mkia huohuo. Mwanzo wa RNA ulikuwa umetoka kwingine.

Kwingine wapi? Kama DNA uliyonayo ni kipande kinachoanzia karibu na jeni, swali hili halijibiki hata upige picha elfu. Wakachukua kipande kirefu kilichokatwa kwa kimeng'enya EcoRI, kinachoanzia ncha ya kushoto kabisa ya jinomu na kupita mwanzo wa heksoni, zaidi kidogo ya nusu ya DNA yote ya kirusi. Mkia ukashika. Haukushika mahali pamoja, bali mahali patatu: karibu na sehemu ya 17, ya 20 na ya 27. Kati ya sehemu hizo, na kati ya ya mwisho na heksoni yenyewe, DNA ilibinuka ikawa vitanzi vitatu.

Inafaa kukaa kidogo na umbo hilo, kwa sababu ushahidi wote umo ndani yake. RNA ni uzi mmoja usiokatika na DNA vilevile. Zikishikana mahali panne huku RNA ikiwa imenyooka na DNA imejikunja vitanzi, maana yake ni moja: vipande vinne vilivyo mbalimbali kwenye DNA viko bega kwa bega kwenye RNA. Ukubwa wa kitanzi ni urefu wa DNA isiyowakilishwa. Ukijumlisha vitanzi vyote vitatu unapata zaidi ya herufi 10,000 ambazo hazimo kwenye ujumbe, na mkia uliotokana na safari hiyo yote una nyukliotidi kama 200. Picha moja ilitosha kuvunja kanuni ya mstari usiokatika, na mtu yeyote angeweza kuipima kwa rula.

Hata hivyo picha hiyo haikuonyesha jinsi vipande vilivyofikishwa pamoja. Huenda mtambo wa kunukuu uliruka kutoka sehemu moja ya DNA hadi nyingine. Huenda vipande vidogo vilitengenezwa pekee na kuungwa baadaye. Kilichoipa nguvu hoja ya kukata na kuunga ni kazi ya James Darnell na wenzake huko Rockefeller, New York, waliotumia mwanga wa urujuanimno kuharibu DNA kwa nasibu na kupima ni maeneo yapi yanayoacha kunukuliwa haraka zaidi. Eneo lililo mbali na mwanzo wa unukuzi huumia zaidi, kwa sababu mtambo una njia ndefu ya kukutana na uharibifu. Matokeo yao yalionyesha kwamba RNA zote za mwishoni mwa maambukizi zinatoka kwenye nakala moja ndefu inayoanzia karibu na sehemu ya 16. Kipande cha kwanza cha mkia nacho kiko palepale. Basi nakala ndefu ipo, mwanzo wake umo kwenye ujumbe mfupi, mwisho wake pia, na katikati kumetolewa. Kamba yenye mafundo mawili ikaeleweka.

Wakati huohuo, Cold Spring Harbor, kwenye kisiwa cha Long Island, kikundi kingine kilikuwa kimefika mlango uleule kwa barabara ya kemia. Richard Roberts, Mwingereza aliyejulikana kwa kuvuna vimeng'enya vya kukata DNA, alitaka kupata mahali unukuzi unapoanzia. Yeye na Richard Gelinas walitenga ncha zenye kofia za RNA za mwishoni mwa maambukizi. Walitarajia ncha tofauti kwa kila RNA, kwani jeni ni tofauti. Wakapata karibu zote zina ncha moja, nyukliotidi 11 zilezile. Tena RNA ilipofungwa kwenye DNA ya jeni yake, ncha hiyo ilibaki wazi mbele ya kimeng'enya cha kula RNA isiyoshikwa. Huo ni mkia uleule, ila umeonekana kwenye bomba la majaribio badala ya picha. Louise Chow na mumewe Thomas Broker, mafundi wa hadubini ya elektroni, ndio waliozitazama molekuli hizo na kuvikuta vitanzi.

Makala ya MIT ilitoka Agosti 1977, ya Cold Spring Harbor Septemba, na kabla ya hapo, mwezi Juni, habari ilikuwa imeshawashtua waliohudhuria kongamano la mwaka la Cold Spring Harbor. Makala ya pili ina neno la kustaajabu kwenye kichwa chake, jambo ambalo ni nadra kwa watu wa taaluma hii. Kwa maoni yangu barabara ya kemia ilikuwa na nguvu ambayo picha za MIT hazikuwa nayo: ilisema kwamba jambo hili haliihusu heksoni peke yake, ni utaratibu wa jeni zote za mwishoni. Picha nayo ilikuwa na nguvu ambayo kemia haikuwa nayo, yaani ilionyesha vipande vimetoka wapi.

Sasa turudi kwenye udhibiti, maana ndiko swali lilikoanzia. Kwa jicho la Jacob na Monod, protini kumi zinazohitajika kwa viwango tofauti zingehitaji swichi kumi, au angalau RNA moja ya kuzibeba zote pamoja. Kirusi cha adeno kina promota, yaani mahali pa kuanzishia unukuzi, moja kuu kwa kazi zote za mwishoni. Nakala ndefu inayotoka hapo inaweza kufungwa kwa poli-A mahali patano tofauti, na hivyo huzaliwa koo tano za RNA, L1 hadi L5. Ndani ya kila ukoo, mkia uleule wenye vipande vitatu unaweza kuungwa kwenye jeni hii au ile. Uamuzi wa protini ipi itengenezwe unafanyika baada ya unukuzi kuanza, kwenye mahali pa kukata.

Na mahali pa kukata hubadilika kwa saa. Katika ukoo wa L1, mapema katika maambukizi RNA huungwa kwa ajili ya protini za kilodalitoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 52 na 55. Baadaye muungo unahamia mbele, na protini inayotoka ni IIIa, ya ganda. Kinachouhamisha ni protini ya kirusi, E4-ORF4, inayokivuta kimeng'enya cha seli kinachoondoa fosfati. Protini za seli zilizokuwa zikizuia muungo wa IIIa hupoteza fosfati zake na kuachia njia. Katika eneo jingine, E1A, nakala moja hutoa RNA mbili zinazotofautiana kwa mahali muungo unapoanzia tu, na protini zake hazifanyi kazi sawa. Kirusi chenye herufi 36,000 hakina nafasi ya kupoteza, kwa hiyo kila herufi hutumika zaidi ya mara moja.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Kabla mwaka haujaisha, jeni za globini, protini ya damu, na za ovalbumini, protini ya ute wa yai, zilikutwa nazo zina vipande. Mwaka 1978 Walter Gilbert akapendekeza majina, eksoni kwa kinachobaki na introni kwa kinachotolewa. Mwaka 1980 Michael Lerner na Joan Steitz, wakitumia kingamwili za wagonjwa wa lupasi, waliunganisha ukataji huo na RNA ndogo za kiini. Mwaka 1984 ilionekana kwamba introni hutoka ikiwa imejifunga kitanzi chenye mkia, kama tanzi la kunasia ng'ombe. Adrian Krainer, mmoja wa waliofanya kazi hiyo akiwa kijana, alikuja kushiriki kutengeneza nusineseni, dawa iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016 kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli unaotokana na uti wa mgongo. Dawa hiyo inaziba mahali fulani kwenye introni ya jeni SMN2 ili eksoni ya 7 isirukwe.

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993 ilikwenda kwa Roberts na Sharp. Sheria inaruhusu watu watatu. Walikuwepo waliosema hadharani kwamba nafasi ya tatu ilikuwa ya Louise Chow, na mimi nikisoma kisa hiki kama mfululizo wa maamuzi siwezi kuwalaumu. Kwa upande wa MIT pia, jina la kwanza kwenye makala ni la Berget, aliyekuja kuwa mtafiti mkubwa wa jinsi seli inavyozitambua eksoni. Moore alikuwa fundi wa maabara wakati huo, na baadaye akawa profesa. Kisa kinachohusu kuona kinadai tuwataje walioona.

Limebaki swali moja. Mkia wenyewe ulikuwa na kazi gani? Kirusi hubeba mzigo wa kuunganisha vipande vitatu kutoka umbali wa maelfu ya herufi na kuvipachika mbele ya kila ujumbe wa mwishoni, ingawa havina hata herufi moja ya protini ya ganda. Jibu lilichukua miaka. Maambukizi yanapokomaa, kirusi huzuia RNA za mwenyeji zisitoke kwenye kiini, kisha hulegeza mtambo wa tafsiri, unaosoma RNA na kutengeneza protini: protini yake ya kilodalitoni 100 inakisukuma mbali kimeng'enya kinachokiwekea fosfati kiungo kinachoshika kofia. Ribosomu ambayo kwa kawaida hutambaa kutoka kwenye kofia, herufi kwa herufi, inakwama. Isipokuwa kwenye RNA yenye ule mkia wa vipande vitatu, ambao mikunjo yake huiwezesha ribosomu kuruka moja kwa moja hadi mahali pa kuanzia. Seli nzima imenyamaza, na zinazoendelea kusomwa ni zile zenye mkia.